Sasa na Zamani: Maneno ya Kiswahili katika Uchunguzi wa Dini za Kiafrika

Tangu John Mbiti alipochapisha African Religions and Philosophy mwaka 1969, maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, yamesomwa katika vyuo vya nchi nyingi kama kwamba ndiyo ufunguo wa imani za Mwafrika. Ni nadra Kiswahili kupewa heshima kama hiyo katika elimu ya dini. Kwa hiyo ni wajibu wa wanaoishughulikia lugha hii kuuliza kama heshima yenyewe imewekwa mahali pake.

Hoja ya Mbiti yajulikana. Alichunguza nyakati za vitenzi katika Kikamba, lugha yake ya kuzaliwa, na katika Gikuyu, akaona kuwa zile zinazohusu mambo yajayo hazivuki kiasi cha miezi sita, na kwamba upeo wa mambo hayo haufiki zaidi ya miaka miwili. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba katika fikira za jadi wakati ujao karibu haupo. Kuna Sasa, kipindi ambacho mtu anakiishi pamoja na yale yaliyo karibu kutukia. Na kuna Zamani, ambamo matukio yote hatimaye huzama. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na jamaa zake bado yumo katika Sasa. Akishasahauliwa, huingia katika Zamani.

Yafaa kwanza mwenye haki apewe haki yake. Mbiti aliandika wakati ambapo dini hizi zilikuwa bado zikiitwa ushenzi na baadhi ya wataalamu, naye akazitetea kwa ujuzi wa mwana wa nyumbani. Zaidi ya hayo, alikiri kwamba Ukristo na elimu ya shule vilikuwa vikiwafungulia watu upeo mpya wa wakati ujao.

Hata hivyo, ithibati ilitoka katika Kikamba na Gikuyu, na majina yakatoka katika Kiswahili. Mbiti alieleza kuwa alifanya hivyo ili kuepuka fikira zilizofungamana na maneno ya Kiingereza. Lakini hakuna neno linaloingia katika taaluma likiwa tupu. Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na kiambishi -ta- hakina mpaka wa miezi: msemaji husema “mvua itanyesha jioni” na “wafu watafufuliwa” kwa umbo lile lile. Neno zamani nalo halikufungwa katika yaliyopita, kwani husemwa pia “zamani hizi” kwa maana ya siku hizi. Ama sasa, ambalo huelezwa kuwa na asili moja na saa, Mswahili hategemei kulisikia likiwabeba marehemu. Basi maana alizozikusudia Mbiti ni zake mwenyewe. Msomaji wa mbali ndiye anayedhani amezipokea kutoka kwa Waswahili.

Kosa la namna hii lina nasaba ndefu. Okot p'Bitek, aliyewalaumu wataalamu kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani, alisimulia habari za mapadre wa Kitaliano ambao mwaka 1911 waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la namna hiyo, swali liligeuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walijibu kwamba mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhikiliwa, mmoja wao alikumbuka kuwa mwenye kibiongo husemwa kafinyangwa na Rubanga. Hivyo jina la pepo wa maradhi likawa jina la Mungu. Jibu lilikuwa limekwisha kuwamo ndani ya swali.

Ibada zenyewe pia huvuka mipaka ya istilahi hizi. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde miongoni mwa Wabukusu na kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, ilichukua jina lake kutoka kwa mizimu ya wahenga. Wafuasi wake waliwaomba wahenga hao huku wakitazamia siku ambayo Wazungu wangeondoka. Huenda ikajibiwa kwamba Masinde alikuwa amepitia kanisa la Marafiki, na kwamba tazamio hilo lilitoka huko. Na iwe hivyo. Lakini walioombwa walete yale yajayo ni wale ambao Mbiti angewaweka katika Zamani. Ibada iliziunganisha pande mbili ambazo istilahi zilikuwa zimezitenga.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mtafiti anayekwenda leo katika kanisa la kinabii, au penye hitima, akiwa na istilahi zilizokwisha kukatwa na kushonwa, ataandika alichokwenda nacho. Afadhali ayasikilize kwanza maombi kwa lugha ya waombaji, aziangalie njeo za vitenzi vyao, kisha ndipo atafute jina. Na akilikopa jina hilo kutoka lugha ya jirani, hana budi kueleza ni kiasi gani cha maana amekiacha kwa mwenyewe.