Ikisiri na Deni Lake

Katika maandishi yote ya wasomi wetu, ikisiri ndiyo fupi kuliko yote, na pengine ndiyo inayoandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko yote. Nazungumzia yale maneno 250 au 300 ambayo mtu huyapeleka kwa waandalizi wa kongamano, akiomba apewe dakika 15 au 20 za kusema mbele ya wenzake. Wahakiki wetu wamehakiki mashairi, riwaya na tamthilia. Ikisiri wameiacha, kana kwamba ni fomu ya kujazwa tu. Mimi naiona kuwa ni utungo kamili, wenye fani na maudhui, na unastahili kuhakikiwa kama tulivyowafundisha walimu wanafunzi kuhakiki insha.

Tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu, nimeombwa mara kadhaa kusoma ikisiri zilizopelekwa kwenye makongamano ya elimu na ya lugha. Nyingi zimekatwa katika jora moja. Huanza kwa kusema kwamba makala inakusudia kuchunguza changamoto za jambo fulani. Hufuata jina la nadharia na la mwasisi wake, kisha hojaji na usaili. Mwishoni huja sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo: matokeo yatajadiliwa na mapendekezo yatatolewa.

Tuitazame sentensi hiyo kisarufi. Vitenzi vyake vyote viwili vimo katika wakati ujao na katika kauli ya kutendwa. Wakati ujao unatuambia kwamba kazi haijafanyika, au kwamba imefanyika lakini mwandishi hataki tujue amepata nini. Kauli ya kutendwa nayo inamficha mtenda: ni nani atakayejadili, na nani atakayependekeza? Ifute sentensi yote, na ikisiri haitapungukiwa na kitu. Badilisha jina la wilaya, na ikisiri hiyo hiyo itafaa kupelekwa kongamano jingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini hili ni deni gani lisilotajwa kiasi chake?

Tunacho kielelezo chetu cha jinsi jambo kubwa linavyoweza kusemwa kwa maneno machache. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam: ukitia friza vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakulipuuza swali. Alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na wapo wanaotilia shaka kama kweli lipo.

Nalichukulia swali lile kuwa ikisiri bora. Lina alichokifanya, lina alichokiona, na lina anachotaka kujua. Anayelisikia anaweza kwenda kulijaribu mwenyewe, na hata akikataa, anajua anakataa nini. Nadharia halikuwa nayo. Ningependa kujua ni kamati ngapi za makongamano yetu zingelipokea.

Sisemi kwamba nadharia haina kazi. Nadharia ni taa, na anayeingia chumba cha giza bila taa hujikwaa. Wala siwalaumu waandalizi kwa kuchuja, maana vyumba ni vichache na siku ni mbili au tatu tu. Lakini taa hushikwa ili kitu kionekane. Ikisiri nyingi hutusifia taa mpaka maneno 300 yakaisha, tusionyeshwe kilichomo chumbani.

Hasara yake naijua kwa sura. Mwalimu mmoja niliyemfahamu aligundua kwamba watoto wake wa darasa la tatu walisoma kwa sauti bila kukwama, lakini alipoifunika picha ya ukurasani, wengi walishindwa kueleza walichosoma. Aliandika hivyo, kwa lugha ya wazi, pamoja na namna alivyojaribu. Kongamano moja likamjibu kwa mstari mmoja: haina mkabala wa kinadharia. Hakuomba tena. Alichokiona kilibaki katika daftari lake, na walimu waliokuwa na watoto wa namna hiyo hiyo hawakukisikia.

Ukali wa saa nao ungetufundisha, kama tungekubali. Kurasa iliyopigwa taipu kwa nafasi mbili huchukua kama dakika mbili kuisoma kwa sauti. Dakika 15, basi, ni kurasa saba au nane. Hapo panaenea jambo moja, mfano wake na swali lake. Aliyeahidi kuchunguza changamoto zote atafika ukumbini na kurasa 25, na mwenyekiti atamkatiza akiwa bado kwenye utangulizi.

Kwa hiyo kipimo changu ni kidogo. Msomee ikisiri yako mwalimu wa somo jingine, kisha mwulize umegundua nini. Akiweza kukujibu, ipeleke. Akikutajia nadharia peke yake, rudi darasani ukatazame tena. Na kamati zinapokutana kuchuja, zisome kwanza sentensi inayosema mwandishi ameona nini. Ikiwa sentensi hiyo haimo, hata ufundi wa zilizobaki hauwezi kuilipia.