Chukudu, Kazi ya Mikono ya Wabebaji

Kwenye barabara inayoteremka kutoka Kibumba hadi Goma, mashariki mwa Kongo, hupita chombo ambacho hakuna kiwanda kilichokiunda. Ni chukudu: gari la mbao la magurudumu mawili, lisilo na kanyagio wala mnyororo, lenye usukani mpana na ubao mrefu wa kubebea viazi, kabichi na magunia ya makaa. Penye mteremko mzigo hujivuta wenyewe. Penye mlima, mwenye chukudu huinama akasukuma.

Wakulima na wabebaji wa Kivu Kaskazini walilihitaji kwa sababu lori lilikuwa ghali, na baiskeli ya kawaida haihimili mamia ya kilo. Wakachukua walichokuwa nacho: mti mgumu, misumari na matairi yaliyochakaa.

Ukilitazama kwa karibu, kila kipande kina sababu yake. Magurudumu ni ya mbao, yamevikwa ukanda wa tairi kuukuu ili yasipasuke kwenye mawe ya volkano. Breki ni kipande cha mpira kando ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu. Na juu ya ubao, pale goti linapotua mguu wa pili ukisukuma ardhi, hupigiliwa kipande cha kandambili au mpira laini.

Kipande hicho cha goti kinastahili sifa ya pekee. Aliyekibuni hakuhitaji kuwahoji wateja: goti lililouma lilikuwa lake.

Ubunifu wa watumiaji kama huyo umewahi kuchunguzwa. Mwaka 1976, Eric von Hippel wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu vifaa vya kisayansi. Aligundua kwamba takriban asilimia 80 ya maboresho muhimu yalibuniwa, yakaundwa na kujaribiwa kwanza na watumiaji, wala si kampuni zilizoviuza. Mafundi wa Kivu wamefuata njia hiyohiyo bila maabara: mbebaji hulalamika, fundi hurefusha ubao au huongeza springi mbele, na jirani huiga bila kuomba ruhusa.

Goma imewajengea wabebaji wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Wanaistahili. Wanastahili pia kuitwa vikaoni masoko na barabara za Kivu zinapopangwa, watengewe njia ya pembeni na mahali pa kushushia mizigo, kwa kuwa chakula cha mji huo kimepita mikononi mwao kwa miaka mingi.