Bwana Mohamad ni Nani? Majina ya Wamalei katika Kiswahili Chetu

Mpe mwanafunzi wa tafsiri habari ya Kiingereza inayomhusu Mahathir Mohamad, waziri mkuu wa Malaysia kuanzia 1981 hadi 2003, na tena kuanzia 2018 hadi 2020. Katika aya ya kwanza atalitaja jina lote kama lilivyo. Kuanzia aya ya pili, aghalabu, ataandika "Bw. Mohamad alisema", "Bw. Mohamad aliongeza". Sarufi haina doa na upatanisho wa ngeli umekaa sawa, na mwalimu asiyejua atatoa alama zote. Lakini anayesema na kuongeza humo si Mahathir tena. Ni baba yake.

Kosa hili limeenea katika kazi za wanafunzi wetu na halikosi katika tafsiri za habari pia. Baadhi ya wenzetu huliona kuwa jambo dogo lisilostahili wino mwekundu. Mimi naona linastahili, kwa sababu linaonyesha jinsi tunavyofundisha kutafsiri: tunamfundisha mwanafunzi kufuata mazoea ya lugha anayotafsiri kutoka kwayo hata pale ambapo lugha anayotafsiria inajua zaidi.

Tuanze na wenye majina yao. Mmalei kwa kawaida hana jina la ukoo. Ana jina lake, kisha "bin" kwa mwanamume au "binti" kwa mwanamke, kisha jina la baba. Katika matumizi ya kila siku bin na binti huachwa, na hapo ndipo mgeni anapoteleza, kwa kuwa jina lililobaki mwishoni linafanana na jina la ukoo la Mwingereza. Tazama nyumba ya Anwar Ibrahim, aliyeshika uwaziri mkuu Novemba 2022. Yeye ni Anwar, mwana wa Ibrahim. Mkewe ni Wan Azizah Wan Ismail, yaani binti wa Wan Ismail, kwa sababu mwanamke wa Kimalei hachukui jina la mume anapoolewa. Binti yao mwanasiasa ni Nurul Izzah Anwar. Watu watatu wa nyumba moja, na hakuna wawili wanaolingana jina la mwisho. Anayewaandika "Bw. Ibrahim", "Bi. Ismail" na "Bi. Anwar" amewaita mababu wawili na baba mmoja, na wenyewe hajawataja hata mara moja.

Yako na majina yasiyosimama peke yake. Waziri mkuu wa pili, Abdul Razak Hussein, hawezi kuitwa "Abdul", maana Abdul ni "mja wa" na sentensi haijaisha. (Najua mitaani kwetu akina Abdul ni wengi na wanaitika. Hilo ni letu.) Mtu aitwaye Mohd. Faizal, ambapo Mohd. ni ufupisho wa Mohammad, aghalabu huitwa Faizal. Hali kadhalika wanawake wenye Nur au Siti mwanzoni: wako wengi mno darasani hata jina hilo pekee lisimtambulishe yeyote.

Kinachonishangaza ni kwamba kosa hili linafanywa kwa Kiswahili. Mtu wa London akiteleza tungemwelewa, kwani kwao kuna jina la ukoo. Lakini bin na binti ni maneno yetu pia. Hakuna mwalimu wa fasihi anayemwita mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, "Bi. Saad". Tunasema Siti, au Siti binti Saad. Adabu ya Kiswahili cha pwani ni cheo na jina la mtu mwenyewe: Bi Asha, Mzee Juma, Shehe Abdilahi. Nasi wa bara hatuna udhuru. Hapa Uganda, katika nyumba ya Ankole, kila mtoto aweza kuwa na jina lake asilochangia na baba wala ndugu, na wenzetu wa Rwanda na Burundi wanalijua hilo vizuri. Ni wangapi kati yetu wamewahi kukaa mbele ya fomu inayodai jina la ukoo, wakabaki kujiuliza waandike lipi? Kitambulisho cha Malaysia hakimsumbui mtu hivyo: jina lote huandikwa kwa mfululizo, bila kugawanywa.

Tukifika kwenye namna ya kumwita mtu, kufanana kwa maneno kunaanza kutudanganya. Binti kwetu ni pia msichana, au mtoto wa kike wa mtu. Katika Kimalei neno hilo hukaa ndani ya jina tu; mtoto wa kike ni "anak perempuan". Kwa heshima, mwanamume huitwa Encik, mwanamke aliyeolewa Puan, asiyeolewa Cik, na kila kimoja hufuatwa na jina la mtu mwenyewe: Encik Faizal, Puan Azizah. Mwalimu ni Cikgu, nalo hutumika kama tunavyotumia "Mwalimu", pamoja na jina au bila jina.

Vijitabu vya maongezi, ambavyo wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Malaysia hupenda kuvinunua, vinapotosha zaidi hapa. Vingi huweka orodha ya viwakilishi katika somo la kwanza: saya ni mimi, awak ni wewe, anda ni wewe. Basi kijana anafika, anasimama mbele ya mhadhiri wake na kumwambia "awak". Kiswahili hakimtayarishi kwa hatari hiyo. Sisi tunamwamkia mzee shikamoo, kisha tunamwambia "umeamkaje", na hiyo u- haimvunjii heshima. Mmalei mwenye adabu hukwepa "wewe" anapozungumza na mkubwa, na mahali pake huweka cheo au neno la ujamaa. "Puan sudah makan?" neno kwa neno ni "Mama ameshakula?", na anayeulizwa ni huyo huyo aliyesimama mbele yako. Dereva mzee ni Pak Cik, mama muuza chakula ni Mak Cik, kijana aliyekuzidi kidogo ni Abang akiwa mwanamume na Kak akiwa mwanamke. "Anda" utaikuta zaidi kwenye matangazo na maelekezo, panaposemwa na umma usio na uso. Kijitabu kinachosema "anda" ndilo neno la adabu kimesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo inatosha kumfanya kijana aonekane kama tangazo linalotembea.

Vyeo vya kutunukiwa ni shamba jingine. Datuk katika mazungumzo ya nyumbani ni babu. Mbele ya jina la mheshimiwa ni nishani, na kumtafsiri "Babu" ni kuchekesha bila kukusudia. Juu yake kuna Tan Sri, kisha Tun. Mke wa Datuk huitwa Datin. Kumwita mwenye cheo hicho "Encik" ni kumshusha ngazi. Ushauri wangu ni kuviacha vyeo hivi kama vilivyo katika tafsiri, kama tunavyoacha Kabaka.

Hata hivyo, nisije nikaonekana natunga kanuni ya kukariri. Si kila raia wa Malaysia ni Mmalei. Mcheza vinyoya Lee Chong Wei ni Mchina, na Lee, la mwanzo, ndilo jina la ukoo. Wenye asili ya Kihindi wengi huandika a/l au a/p, mwana wa au binti wa. Na wapo wanaotumia jina la ukoo kweli kweli: mwanasosholojia Syed Hussein Alatas (1928–2007) alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, na Alatas ni ukoo huo. Ukoo wa kifalme wa jimbo la Perlis ni Jamalullail, jina lile lile la ukoo wa Habib Saleh wa Riyadha, Lamu. Hapo jina la mwisho si la baba.

Linabaki suala la marejeleo katika tasnifu, ambalo idara haijaliamua. Mwandishi Shahnon Ahmad anawekwa wapi, kwenye S au kwenye A? Malaysia anawekwa kwenye S. Mwongozo wetu unamtaka mwanafunzi ageuze kila jina, na mwaka huu tena msahihishaji mmoja alikata alama kwa aliyekataa kugeuza. Napendekeza alama hizo zirudishwe, na kikao kijacho kikiupitia mwongozo kiwaangalie pia waandishi wa Kiswahili wenye majina ya baba, ambao tumekuwa tukiwageuza miaka yote bila kuwauliza.