Canberra walichukua pointi mbili, Roosters wakachukua kombe

Lawama zote za fainali ya 2019 ya NRL, ligi ya raga ya Australia, ametwishwa refa Ben Cummins, nami sikubali. Canberra Raiders walilipoteza kombe lile dakika 20 hivi kabla Cummins hajapunga mkono wake. Walipewa penalti mlangoni kwa Sydney Roosters, mpinzani akiwa amepungukiwa mtu, nao wakaamua kupiga milingotini.

Turudi kwenye tukio lenyewe. Kipindi cha pili, Roosters wanaongoza 8-6. Josh Papalii wa Canberra anakuja kwa kasi kupokea pasi hatua chache tu kutoka mstari wa trai. Cooper Cronk wa Roosters, aliyekuwa akicheza mechi yake ya mwisho, anamkumbatia kabla mpira haujamfikia. Cronk nje dakika 10, na hapo refa hakukosea hata chembe. Nahodha Jarrod Croker akausimamisha mpira, akaupiga, ikawa 8-8.

Katika raga ya watu 15 penalti ina pointi 3, na uamuzi kama ule ningeweza kuuelewa. Katika mchezo huu wa watu 13 ni pointi 2, ilhali trai na mkwaju wake ni 6. Canberra wangeugusa mpira kwa mguu na kuanza papo hapo mikabo sita mipya, yaani nafasi sita za kukabwa kabla ya kumwachia mpinzani mpira. Roosters wangebaki na watu 11 mstarini na James Tedesco nyuma yao. Papalii angeingia katikati mara mbili kuwakusanya, Josh Hodgson angeinua kichwa kutazama upande gani umepungua, kisha mpira ungekwenda kwa Jack Wighton akiwa na nafasi ya kukimbia. Kama wasingefunga, wangeweza kuubana mpira ndani ya eneo la trai na kumlazimisha mpinzani awarudishie.

Wanaoutetea uamuzi ule husema kwamba baada ya pointi mbili Canberra walirudishiwa mpira, kwa kuwa aliyefungwa ndiye anayeanzisha. Kweli, lakini waliupokea wapi? Langoni kwao, karibu uwanja mzima kutoka pale walipokuwa. Wakati Croker akijipanga, saa ilikuwa ikitembea na adhabu ya Cronk ikipungua. Roosters walipewa nafasi ya kuvuta pumzi na kujipanga upya, na ndicho walichokihitaji kuliko kitu chochote. Wakaimaliza adhabu bila kufungwa trai hata moja.

Nimelisema hili kila msimu na nitaendelea kulisema: mguu ni wa kulinda ushindi, mikono ndiyo ya kuutafuta. Canberra hao hao waliushinda mchujo kwa mikono. Kule Melbourne waliwashinda Storm 12-10 kwa trai ya John Bateman mwishoni. Nyumbani waliwafunga South Sydney 16-10, na aliyewamaliza ni huyo huyo Papalii, akipenya kutoka hatua chache kama alizobakiza siku ya fainali.

Ulinzi wao msimu mzima ulikuwa wa kupigiwa mfano, na Wighton aliistahili medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali ingawa alikuwa upande ulioshindwa.

Kuhusu mkono wa Cummins: alionyesha mikabo sita mipya, akabadili, Wighton akakabwa na mpira akiamini bado anazo nafasi, na muda mfupi baadaye Tedesco akafunga. Ikaisha 14-8. Kuonyesha ishara kisha kuifuta mchezo ukiendelea ni kosa kubwa, na kinyongo cha mashabiki nakielewa. Ila timu iliyotumia vizuri dakika zile 10 haingekuwa 8-8 ikisubiri huruma ya refa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kocha alikuwa Ricky Stuart. Katika fainali ya 1989 Stuart alikuwa hafubeki wa Canberra waliokuwa nyuma 12-2 mapumziko mbele ya Balmain. Balmain walipopata nafasi za kuua mchezo, walichagua mguu: penalti ikawapa 14-8, mkwaju wa pointi moja wa Benny Elias ukagonga mwamba, na kocha Warren Ryan akawapumzisha Steve Roach na Paul Sironen. Canberra wakaendelea kukimbia na mpira. John Ferguson akafunga dakika za mwisho, Mal Meninga akasawazisha, na katika muda wa nyongeza wakashinda 19-14. Meninga, Laurie Daley na Bradley Clyde wangepewa penalti ile ya 2019, mpira ungekuwa umekwisha kuguswa Cronk akiwa bado anatoka uwanjani.

Hukumu yangu haibadiliki. Canberra walimaliza ligi nafasi ya nne, wakapigana mpaka fainali, kisha katika nafasi moja iliyokuwa wazi kabisa wakaridhika na sare zikiwa zimebaki karibu dakika 30. Fainali haichezwi kwa kutafuta sare. Ukipewa mtu wa ziada mbele ya mstari wa trai, gusa mpira ukimbie.