Nanga ya Saa Nne Usiku

Upande wa mashariki wa Mafia hauna huruma wakati wa kusi. Mawimbi yanatoka bahari kuu bila kizuizi, na mashua ndogo inayopita pwani ile ina kimbilio moja la kutegemewa: Ghuba ya Chole, nyuma ya visiwa vya Juani na Chole, ambamo huingiwa kwa mlango wa Kinasi. Ukitazama ramani utaona ni jambo jepesi. Nahodha anayeijua kazi yake huanza kuufikiria usiku wa kulala nangani humo tangu alfajiri.

Kwanza hutazama mwezi. Siku za bamvua, pwani hii hujaa maji karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Atakayefika saa kumi alasiri ataikuta ghuba imefurika, kila mahali panamwita atie nanga. Ifikapo saa nne usiku maji yameshuka kama mita 3, na vichwa vya matumbawe alivyovipita juu bila kuvijua vinatafuta mkuku wake gizani. Kwa hiyo aliye makini huingia kabla ya adhuhuri. Maji ndiyo kwanza yanajaa, miamba bado inaonekana, mkondo unampeleka ndani, na akikwama kwenye fungu maji yenyewe yatamwopoa. Jua nalo liko mgongoni, maana omo yaelekea magharibi. Akichelewa, litampiga usoni na bahari yote itakuwa kioo. Maji yakishaanza kutoka, mkondo hugongana na mawimbi ya kusi pale mlangoni, na hapo hata mwenye mashine angoje.

Ndani ya ghuba husomwa rangi. Samawati nyepesi ni mchanga, kahawia ni mwamba, na kijani cha giza ni majani ya bahari, yanayodanganya kwa ulaini huku nanga ikiteleza juu yake. Macho pekee hayamtoshi, hushusha upondo. Ukigonga mwamba hulia na kurudisha mkono. Ukigusa mchanga hunyamaza. Mwambani nanga ya makucha manne hushika, tena hushika mno: asubuhi haing'oki, na usiku kucha amari, yaani kamba ya nanga, inasagwa na matumbawe.

Halafu hesabu. Maji ya mita 3 yakipwa yatakuwa 6 yakijaa. Ongeza mita 1 ya omo juu ya maji, zidisha mara tano: kamba mita 35. Mkondo ukigeuka mashua itazunguka kwa urefu huo, basi duara lote lazima liwe safi, si pale tu nanga ilipoangukia. Hapa ndipo ninapomvulia kofia nahodha huyu. Wageni huvutwa na ufuo wenye minazi. Yeye hutia nanga mbali, mahali pasipo na uzuri wowote machoni, kwa ajili ya maji ambayo hayajafika.

Kabla jua halijazama huchagua minazi miwili iliyopangana ufuoni, na usiku taa ya nyumba, ajue kama amesogea. Maji yakigeuka huamka bila kuitwa na kuishika amari. Nanga iliyoshika, kamba hukaza na kutulia. Inayoburutwa hutetemesha kamba mkononi. Ikitetemeka huongeza kamba kwanza, kadiri duara linavyoruhusu. Kuhama gizani ni shauri la mwisho.