Ubaguzi Dhidi ya Wayahudi na Sera za Usawa katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Mwaka 1922 Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, A. Lawrence Lowell, alilalamika kwamba Wayahudi wamezidi chuoni. Walikuwa kiasi cha mmoja katika kila wanafunzi watano. Alitaka wasizidi asilimia 15. Pendekezo hilo lilikataliwa, lakini mwaka 1926 likapitia mlango wa uani: chuo kikaanza kupima "tabia" ya mwombaji na kutazama picha yake. Wayahudi wakapungua bila kanuni yoyote kuwataja.

Uchambuzi wa sera za usawa za vyuo hivyo lazima uanzie hapo. Sera hizo ni tunda la mapambano halali ya Wamarekani Weusi, yaliyozaa Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Hatuzipingi. Tunakosoa makosa mawili.

Kwanza, kosa la nadharia. Sera hizo mara nyingi huwapanga watu kwa rangi, na Myahudi huwekwa katika fungu la Weupe wenye neema. Lakini chuki hii haimwiti Myahudi mnyonge. Humzulia kwamba ndiye mtawala wa siri wa mabenki. Hivyo mfanyakazi huonyeshwa adui wa uongo, na bepari husalimika. Ndiyo maana mwaka 1919 Lenin alirekodi hotuba kwenye santuri kuilaani.

Pili, kosa la vitendo. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani iliamuru sera za usawa zifutwe katika idara zake. Mwezi Machi ikafuta misaada ya dola milioni 400 kwa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa hoja ya kuwalinda Wayahudi. Kweli, wapo wanafunzi wa Kiyahudi waliotukanwa na kutishwa, na hilo halina udhuru. Lakini walioadhibiwa ni pamoja na wanafunzi waliodai haki za Wapalestina, na miongoni mwao wamo Wayahudi. Mlinzi gani huyu anayebomoa nyumba anayoilinda?

Msimamo sahihi ni huu: kumchukia mtu kwa kuwa ni Myahudi ni ubaguzi, kupinga vitendo vya dola ya Israel ni siasa. Anayemtaka mwanafunzi wa Kiyahudi ajibu makosa ya dola hiyo ni mbaguzi, hata akipiga kelele za ukombozi.

Hata katika mijadala yetu hutokea ndugu akasema "Wayahudi" akikusudia Serikali ya Israel. Kada asikae kimya. Amsahihishe papo hapo.