Vibanda vya Kilimanjaro na Majina ya Wakubwa

Darasani tumezoea kuiuliza riwaya: nani ametajwa, nani ameachwa? Swali hilo nalipeleka Kilimanjaro, kwenye njia ya Marangu, ambako wageni hulala vibandani badala ya kwenye mahema.

Wajerumani walikiita kibanda cha kwanza Bismarck na cha pili Peters, kwa heshima ya Carl Peters, ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Baada ya uhuru Bismarck kikawa Mandara, kwenye mita 2,700 hivi. Peters kikawa Horombo, mita 3,700 hivi. Ilikuwa haki. Jina la Peters halikustahili kubaki mlimani.

Lakini tusiishie kupiga makofi. Mandara, yaani Mangi Rindi wa Moshi, ndiye aliyetia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Horombo, Mangi wa Keni, alisifika kwa kuwateka majirani zake. Tumembadili mtawala, hatujabadili desturi ya kumkumbuka mtawala. Kibanda cha tatu, Kibo, kimechukua jina la kilele.

Na wagumu je? Wapagazi hao hupandisha vyakula na mabegi ya wageni hadi Kibo, mita 4,700 hivi, na katika vibanda vyote vitatu hakuna jina la hata mmoja wao. Kwangu mimi kazi iliyoanzwa kwa kumfuta Peters bado ni nusu. Itakamilika siku mgeni atakapouliza, "Leo tunalala wapi?" akajibiwa kwa jina la mtu aliyebeba mzigo.